Picha ya Mtoto Nambari Kumi na Nne

Alhamisi. Kusi inavuma tangu alfajiri na mvua ya rasharasha haijakatika. Nimerudi nyumbani Mkomani kutoka kisiwani Pate, nguo zimenigandia mwilini kwa maji ya chumvi. Mama ameniuliza nimekula nini huko, nikamwambia nimekula wali. Sikula kitu. Nimepanda chumbani, nimefunga mlango, na naandika sasa hivi kabla sijaanza kujitafutia udhuru.

Nimewakosea watu, na kosa lenyewe haliwezi kurudishwa nyuma.

Kama umepita hapa kwa mara ya kwanza, mimi ni Rukia, mtafiti. Nasomea namna binadamu anavyosoma uso wa mwenzake. Tawi lenyewe huitwa saikolojia ya mageuzi, na kwa kuwa mama hapendi hata kulisikia jina hilo, nyumbani husema tu kwamba nasomea sura za watu. Swali langu ni dogo. Mtu akionyeshwa picha ya mtoto asiyemjua, na chini yake picha za wanaume watatu asiowajua, je, ataweza kumtambua baba? Wako wataalamu wanaoshikilia kwamba jicho letu lilifinyangwa kwa kazi hiyo hasa, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu mama anajua aliyemzaa lakini baba wa zamani hizo hakuwa na ushahidi mwingine ila sura. Wengine wanasema hizo ni hadithi za kubuni tu. Nilitaka kujua. Na nilitaka kujua kwa watu wa kwetu, maana karibu yote niliyosoma juu ya nyuso yameandikwa juu ya nyuso za watu wa mbali.

Basi msimu wa kaskazi nilikwenda Pate na kamera na shuka jeupe, nikapiga picha nyumba kwa nyumba.

Saumu alikuwa wa kwanza kukubali. (Majina yote nitakayoyataja hapa si yao.) Alimchana bintiye Zuhura nywele mbele yangu, akamfuta uso kwa ncha ya leso, akaniambia, "Mpige vyema, Bi Rukia. Mwanangu hacheki na watu asowajua." Zuhura ana miaka tisa. Kweli hakucheka. Babake, Bwana Athmani, analima tumbaku kati ya magofu ya mji wa kale. Alitoka shambani, akanawa, akaketi mbele ya shuka langu na mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Siku ile nilikula kwao. Saumu aliniwekea kichwa cha samaki.

Nilirudi nazo picha zile nikazikata mpaka usibaki ila uso, bila kofia, bila mtandio, bila ukuta wa nyumba nyuma. Nikazichapisha kwenye karatasi ngumu: juu mtoto, chini wanaume watatu, mmoja babake na wawili wa kujazia. Majina nikayatoa, nikaweka nambari. Zuhura akawa nambari kumi na nne.

Mmoja wa wale wawili wa kujazia alikuwa fundi wa mashine za boti, tumwite Kassimu. Nilimchagua kwa sababu umri wake ulikaribiana na wa Athmani na mwanga wa picha yake ulikuwa sawa. Hilo tu. Sikujua kwamba miaka mingi nyuma Kassimu aliwahi kumposa Saumu, na babake Saumu akakataa. Mji mzima ulijua. Mimi sikuuliza, kwa sababu haikuwa kwenye fomu yangu.

Kanuni ya kazi hii ni moja na ni nyepesi: picha za watu wa Pate asizione mtu anayewajua watu wa Pate. Ndiyo maana nilizipeleka Mkokoni, bara, nikakaa siku tatu kwenye ukumbi wa shule nikiita watu mmoja mmoja. Swali la kwanza kabisa kwenye fomu ni hili: una jamaa Pate? Akisema anao, unamshukuru, unampa soda, anakwenda zake.

Siku ya tatu nilibakiwa na watu wanne. Jua lilikuwa kali, maji yalikuwa yakitoka, nahodha alishatuma mtu mara mbili kuniambia boti itakwama. Nilizichukua zile fomu nne, nikajibu swali la kwanza mimi mwenyewe. Hapana, hapana, hapana, hapana. Kwa kalamu yangu, kabla hata wenyewe hawajaketi.

Hili sijamwambia mtu mpaka jana.

Wa pili kati ya wale wanne alikuwa mwanamke mchangamfu, Bi Tima. Ameolewa Mkokoni, kumbe amezaliwa Pate. Alipofika kadi ya kumi na nne akacheka, akaweka kidole juu ya Kassimu. "Huyu hapa babake. Kassimu mtupu."

Alimtaja kwa jina. Jina lile lingetosha kunisimamisha. Nilipaswa kumnyang'anya kadi, kufunga fomu, kumkalisha na kumweleza. Badala yake niliandika jibu lake, nikatoka mlangoni kumwita mwingine. Nilipogeuka simu ilikuwa mkononi mwake na kadi ilikuwa mapajani. Nilidhani anasoma ujumbe.

Siku kumi baadaye Saumu alinipigia.

Ile kadi ilikuwa imeshazunguka kwenye makundi ya simu ya Pate, Siyu na Faza. Kidole cha Bi Tima kilionekana vizuri, na chini yake mtu alikuwa ameandika: Watu wa chuo kikuu wamepima. Baba ni huyu.

"Bi Rukia," Saumu aliniambia, "kuna nini ulichopima kwangu?"

Hakunitukana. Heri angenitukana. Nilimweleza kwamba hakuna kilichopimwa, kwamba ni mchezo wa kubahatisha, kwamba watu watasahau. Nilimwambia litapita. Nilipokata simu nilikaa na kazi yangu nikaendelea kuingiza majibu kwenye kompyuta, na wiki tatu nzima sikumwambia msimamizi wangu neno. Nilijiambia nasubiri niwe na maelezo kamili. Nilikuwa nasubiri litoweke.

Halikutoweka. Kassimu alipata kazi Mombasa akaondoka, na watu wakasema amekimbia. Dada zake Athmani wakaacha kuingia kwa Saumu. Shuleni watoto walimuuliza Zuhura aitwe binti nani. Mwisho Saumu akamchukua mtoto wakahamia kwa mamake, mpaka maneno yatulie, na Jumanne akanipigia mara ya pili: "Njoo. Wewe ndiye uliyeyaanza."

Jana nilishuka Mtangawanda, gati ya Pate, nikapanda pikipiki mpaka shambani kwa Athmani. Niliona haya kwenda kwa Saumu kwanza.

Nilimkuta anapalilia. Aliponiona alisimama, akanawa mikono kwa maji ya dumu, akanitandikia gunia nikae. Nilimweleza kila kitu, jinsi kadi zinavyotengenezwa, jinsi nilivyowachagua wale wawili, jinsi watu wengi walivyokosea hata kwa watoto ambao hakuna aliyewahi kuwasemea neno.

"Nimefahamu," akasema. "Zile picha hazisemi kitu."

"Hazisemi kitu, Bwana Athmani."

"Basi kwa nini ulizipiga?"

Nina jibu la swali hilo. Ni kurasa nyingi na kamati ilinisifu. Nilikaa pale juu ya gunia nikalitafuta na sikupata hata sentensi moja ya kumwambia yeye.

Kwa kuhangaika nikamwambia jambo baya zaidi. Nikamwambia kuna kipimo cha damu Mombasa, kile ni cha hakika, nami nitashughulikia kila kitu. Aliinama akang'oa gugu lililokuwa karibu na mguu wake.

"Siku nitakayompeleka mwanangu kupimwa, siku hiyo nimeshamkana," akasema. "Atakuwa mkubwa, atajua kuwa babake alimpeleka. Na mamake naye atajua."

Kisha, kwa sauti ya chini, bila kunitazama: "Mimi simshuku mke wangu, Bi Rukia. Wallahi simshuku. Lakini yeo nikimtazama Zuhura mato hayatulii. Zamani nalikuwa nikimwona tu. Sasa namkagua. Pua, paji, vidole. Mtoto anaona kuwa namkagua, anageuka."

Nikaaga.

Saumu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba ya mamake akisuka ukili wa mkeka. Hakuuacha aliponiona. Nilikuwa nimemletea barua yenye muhuri wa idara yetu, nimeiandika vizuri, inasema kwamba matokeo ya utafiti hayawezi kutumiwa kuthibitisha nasaba ya mtoto yeyote. Aliisoma mpaka mwisho akanirudishia.

"Hii ni ya kukulinda wewe," akasema.

Alisema kweli. Nimeisoma tena kwenye boti leo asubuhi na kila mstari unanilinda mimi.

"Nataka useme kwa kinywa chako," akaendelea. "Mimi nimesemwa mbele ya watu, na wewe useme mbele ya watu. Baada ya alasiri kuna darsa kwa Mwalimu Bi Zainabu. Wanawake wote watakuwepo. Na uandike pia kwenye hiyo shajara yako ya mtandaoni, majina uyabadilishe. Uwongo umeshasomwa na kila mwenye simu."

Ndiyo maana naandika hapa. Nimeahidi.

Nyumba ya Mwalimu Bi Zainabu ilijaa mpaka barazani. Alinipa nafasi kabla ya dua. Nilisimama nikasema yote. Nilisema nilijibu fomu kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu nilikuwa na haraka ya boti. Nilisema mimi ndiye niliyemweka Kassimu kwenye kadi ile, na ningeweza kumweka mume wa yeyote aliyemo humu. Nilisema hakuna mtu aliyepima kitu, mtu aliweka kidole juu ya picha, basi. Nilimwomba Saumu radhi kwa jina lake. Alikuwa amekaa ukutani, kichwa wima, Zuhura ubavuni pake.

Mwalimu akasema, "Mumesikia. Mtoto ana babake na ana kwao. Anayetaka kuongeza neno amwogope Mungu."

Nilidhani tumemaliza.

Bibi mmoja karibu na mlango akainua mkono. Hakuwa na ubaya. Nimeufikiria uso wake njia nzima na sioni ubaya. "Haya tumeyafahamu, mwanangu," akasema. "Lakini wewe ndiwe uliyesomea sura. Mtoto huyu hapa. Wewe mwenyewe waona amefanana na nani?"

Wakageuka wote kumtazama Zuhura.

Nami nikamtazama. Hilo ndilo nililofanya. Wanawake chumba kizima walikuwa wakisubiri mtu mzima mmoja aseme "amefanana na babake" na maisha yaendelee, nami nikamtazama mtoto kama ninavyotazama picha mezani kwangu, kuanzia kwenye nyusi kushuka chini, nikitafuta jibu ambalo ningeweza kulitetea mbele ya kamati. Sikuwa naficha kitu. Nilikuwa natafuta maneno sahihi. Zuhura alivuta ncha ya mtandio wake akajifunika pua na mdomo, yakabaki macho.

Hatimaye nikasema, "Swali hilo halina jibu."

Ni kweli tupu, na hakuna neno baya zaidi nililopata kulisema maishani. Niliona nyuso zao zikifungika moja baada ya moja. Miaka yote nimefundisha wanafunzi kwamba binadamu hungoja maneno kwa masikio lakini uamuzi ameshaupata kwa macho. Wao waliona mtu aliyenyamaza. Wakasoma wanachokisoma watu kwa mtu aliyenyamaza.

Saumu aliinuka. Hakuwa na haraka. Alivaa viatu vyake, akainama akamfunga mtoto vyake, wakatoka. Nilimfuata mpaka uchochoroni.

"Usinipigie tena," akasema. "Ulilotaka kutengeneza umetengeneza."

Nilimwambia sitampigia.

Nataka niseme jambo jingine hapa, maana nikiliacha nitakuwa nimedanganya. Tangu ile kadi isambae nimeitazama mara nyingi kuliko ilivyo halali. Kuna siku nimemwona Kassimu kwenye taya la Zuhura. Nikaogopa. Nikamtazama yule mwanaume wa tatu, asiyejulikana na mtu katika kisa hiki, nikamwona naye, kwenye mashavu, waziwazi. Nikaweka picha ya marehemu babangu kando ya mtoto, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimeshapata mfanano. Jicho likiambiwa litafute linapata. Hiyo ndiyo elimu yote niliyoipata kwa kazi hii, na ingeweza kuwaokoa watu watatu kama ningeisema jana kwa lugha ya kawaida badala ya kusimama kama nguzo.

Leo alfajiri nilikuwa gatini Mtangawanda na abiria wengine, tumejibanza chini ya bati kwa sababu ya mvua, pikipiki ikasimama akashuka Athmani. Nilijua ameshasikia. Nilijitayarisha.

"Nipe picha yangu na ya mwanangu," akasema.

Kadi ilikuwa mkobani. Niliomba mkasi kwa mama muuza viazi, nikamkata Kassimu, nikamkata yule wa tatu, nikabaki na vipande viwili, mtoto na yeye. Nikampa. Alivishika vyote viwili kwa mkono mmoja, akavikinga na mvua kwa mkono wa pili.

"Nionyeshe," akasema. "Wapi?"

Nikamwonyesha. Nilimwonyesha nyusi ya kushoto inavyoanza chini kuliko ya kulia, kwa mtoto na kwake. Nilimwonyesha ncha ya chini ya sikio ilivyoshikana na shavu bila kuning'inia, kwake na kwa mtoto. Sikuvibuni, vilikuwepo. Lakini najua vizuri kwamba angekuja mwanaume yeyote kati ya wale waliokuwa wakipakia magunia akaniambia nimtafutie, ningempatia naye vyake.

Athmani aligusa sikio lake.

"Hakika?"

Nikamwambia, "Hakika."

Kazi yangu yote hainiruhusu kulisema neno lile. Nililisema bila kufikiri, na nilimtazama machoni nilipolisema, na sikuhisi hata chembe ya majuto. Majuto yamekuja kwenye boti. Siyo kwa sababu nilidanganya. Ni kwa sababu lilikuwa jepesi vile, na jana nilikuwa nalo kinywani mbele ya wanawake wote wale na sikulitoa.

Alivitia vile vipande kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akapanda pikipiki. Barabara kutoka gatini ni moja. Inapita shambani kwake, na mbele kidogo inapita kwa mama mkwe wake.

Boti ikatoka.

Kesho asubuhi nitamwandikia msimamizi wangu. Nitamweleza zile fomu nne na nani aliyezijibu, na kwamba nilinyamaza wiki tatu. Nitafuta picha zote za Pate, si za kadi ya kumi na nne peke yake, na nitarudi kuwaambia wenyewe kuwa nimezifuta, wakikubali kunifungulia. Tasnifu inaweza kufa hapo. Naona ni sawa, ingawa mkono unaniuma kuandika kwamba ni sawa, kwa sababu ni miaka sita.

Mama amegonga tena. Chakula kimepoa.

Sijui kama Athmani alisimama shambani au aliendelea mbele. Nina namba za watu watatu Pate wanaoweza kuniambia leo hii, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye bado nina haki ya kumuuliza.